Mchoro wa Posa ya Dada

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, likizo ya mwezi wa sita. Saa naijua kwa sababu shangazi alinitumia ujumbe, na simu huandika saa yenyewe. Ujumbe ulikuwa hivi: "Mwanangu, hawa watu wananichosha na maswali. Nichoree hii posa ieleweke."

Nilikuwa dukani. Likizo huwa nasaidia kwenye duka la steshenari mjini Korogwe, mali ya familia ya Kihindi iliyokuwepo hapo tangu enzi za babu zao. Mama mwenye duka ananiita bubu wangu. Hana ubaya. Anasema amewahi kuajiri wasichana wanaoongea sana na wote walimharibia karatasi. Natoa kopi, nabana ripoti za wanachuo wa ualimu, nachapa barua za watu. Mteja akiuliza bei nanyoosha kidole kwenye kibao cha bei ukutani.

Kwenye kompyuta ya duka kuna akili mnemba ambayo mkwe wake mama mwenye duka aliiunganisha na zana ya kuchora. Wanachuo wanaipenda, maana ripoti zao lazima ziwe na michoro na wengi hawajui kuchora hata kisanduku kikanyooka. Unaieleza unachotaka kwa Kiswahili cha kawaida. Yenyewe inaandika mistari ya maneno yenye mishale katikati, huyu kwenda kwa yule, yule kwenda kwa fulani, kisha ile zana inaisoma mistari na kuigeuza kuwa picha. Hakuna mtu anayesogeza kisanduku kwa mkono. Ukitaka kubadilisha picha unabadilisha maneno, na picha inajipanga upya yenyewe. Mimi niliizoea upesi. Haikuulizi kwa nini uko kimya.

Posa yenyewe ilikuwa ya dada yangu. Kijana ni wa Lutindi, anauza vifaa vya umeme hapa mjini, na ndugu zake walikuwa walete barua Jumapili alasiri nyumbani kwetu Masuguru. Dada alikuwa akimtaka huyo kijana tangu mwaka juzi. Tunalala chumba kimoja, kwa hiyo nilijua kuliko mama alivyodhani najua.

Nikamwomba shangazi, ambaye ni dada yake baba, anieleze mambo yatakavyokwenda. Akatuma sauti, nyuma yake kuku wakilia.

"Sikiliza. Mshenga anakuja, ananikabidhi mimi barua. Mimi nampa baba yako. Baba yako akishaisoma anampa mama yako, mama yako anampa kaka yake. Hapo wapishi wawe wameshapakua, maana watu hawasubiri jibu na njaa. Mjomba wako anasema neno lake, mshenga anaondoka na jibu. Kwisha. Kitu kidogo hivyo, lakini tangu asubuhi watu kumi wameniuliza nani anakaa wapi."

Kwetu, upande wa mama, ndivyo ilivyo. Baba anapokea barua ya posa lakini hajibu. Anayejibu ni mjomba, kaka mkubwa wa mama, anayeishi Kwaluguru. Asipokuwepo yeye, barua hukaa kwenye bahasha yake, wageni wanakula wanarudi walikotoka. Baba mwenyewe huwa anatania kwamba siku ya posa ya binti yake, baba mzazi ni mgeni mwalikwa.

Nikaandika maneno ya shangazi kama yalivyo, ila kuku. Akili mnemba ikajibu kwa adabu zake nyingi kwamba imeelewa mtiririko, ikatoa mistari:

Mshenga --> Shangazi
Shangazi --> Baba
Baba --> Mama
Mama --> Wapishi
Wapishi --> Mjomba
Mjomba -- ndiyo --> Mshenga
Mjomba -- hapana --> Mshenga

Chini yake ikaeleza kwamba wapishi imewaweka hapo kwa sababu chakula kinapakuliwa kabla ya neno la mjomba. Picha ikatokea. Mshenga juu kabisa, halafu kila mtu na kisanduku chake kwa kuteremka, mishale iliyonyooka vizuri. Mjomba alikuwa chini, na kisanduku chake hakikuwa kama vya wenzake. Kilisimama kwa ncha, kama kishada wanachorusha watoto. Niliuliza, ikasema umbo hilo ni la mahali panapofanyika uamuzi. Nikaona ni sawa. Hata ripoti za wanachuo ziko hivyo.

Nilichapa nakala moja nikaenda nayo nyumbani. Shangazi anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaja kuiangalia jikoni. Mama alikuwa anapepeta mchele. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu, akijifanya hana habari.

Shangazi aliisogeza karatasi mbali na macho yake, halafu karibu.

"Safi. Hata mimi nimo. Lo, na wapishi wamo! Sasa hii nini hapa? Hapana?"

"Ni mshale," nikasema.

"Mshale naona. Nakuuliza hapana ya nini."

"Mjomba akisema hapana, barua inarudi."

"Wewe mtoto," shangazi akasema, "watu wanatoka Lutindi na nguo zao nzuri, unawaandikia hapana kwenye karatasi? Mkosi gani huo? Futa."

Nikamwangalia dada. Alikuwa ameacha kitunguu.

"Futa bwana," dada akasema. "Unaniandikia balaa kabla hata hawajafika."

Mama aliendelea kupepeta, ila alipepeta taratibu.

Jumatano asubuhi, duka lilipokuwa bado halijapata wateja, niliiambia akili mnemba iondoe mstari wa mwisho. Iliuondoa, lakini ikaongeza maelezo: kwa kawaida kisanduku cha uamuzi kinakuwa na njia mbili au zaidi za kutokea, na kikibaki na moja, huenda si uamuzi tena, je, nibadilishe umbo lake liwe kama mengine? Nikaandika, hapana, acha hivyo hivyo. Nilipenda lile umbo. Nilidhani linampa mjomba heshima ya peke yake.

Mama mwenye duka alipita nyuma yangu na chai yake.

"Bubu wangu anaolewa?"

"Dada."

"Mashallah. Sasa huyu wa chini, aliyening'inia, ni bwana harusi?"

"Ni mjomba."

"Maskini," akasema, akaenda kufungua dirisha la pili.

Jioni ile niliituma picha kwenye kundi la ukoo. Likajaa vidole gumba na maua. Mmoja aliandika, "Mashallah, msomi wetu." Mwingine akauliza wapishi ni akina nani. Shangazi akaandika kwa herufi kubwa tupu kwamba sasa asipigiwe simu na mtu, majibu yote yako kwenye picha. Nilikaa kitandani nikisoma yale maneno, na sitaficha, nilifurahi. Watu wote wale walikuwa wananielewa na sikuwa nimefungua mdomo.

Mjomba yumo kwenye lile kundi lakini haandiki. Alhamisi mchana, wakati nimerudi nyumbani kula, alituma sauti. Mama aliifungua jikoni, na kwa kuwa simu yake spika imekufa nusu, sote, shangazi na dada wakiwemo, tuliinama.

"Asalaam aleikum, wana ukoo. Picha nimeiona, nashukuru. Nimejitafuta humo mpaka nimejipata. Niko chini ya wapishi. Juu yuko mgeni, sisi wenyewe tunafuata, halafu masufuria, halafu mimi. Basi, hao walioko juu wanatosha. Mimi Jumapili nina mahindi ya kupukuchua. Kila la heri."

Shangazi ndiye aliyeanza.

"Mtu mzima ananuna kwa ajili ya kisanduku!"

"Usimseme kaka yangu," mama akasema.

"Simsemi. Nasema kisanduku."

Dada aliinuka akaingia chumbani. Nilimfuata baadaye kidogo kuchukua sare yangu ya duka, nikamkuta amelala kifudifudi na viatu vyake. Hakuwa analia. Aliniambia bila kugeuka, "Wale watu wakirudi kwao na barua yao mkononi, hawaji tena. Unawajua watu wa milimani? Mama yake hanitaki tangu mwanzo, anatafuta sababu tu. Umempa."

Nilichukua sare nikaondoka.

Ijumaa nilijaribu kurekebisha. Juu kabisa ya ile mistari kuna herufi mbili zinazoiambia zana mchoro uelekee wapi, uteremke au upande, uende kulia au kushoto. Ukibadilisha hizo mbili tu, dunia yote inageuka. Nikaipandisha. Mjomba akawa juu peke yake kama kishada kweli, na mshenga akawa chini. Nilimtumia shangazi aione kabla ya wengine. Akanipigia.

"Sasa mbona mimi nimekuwa wa pili kutoka chini? Kwa hiyo baba yako na mama yako na masufuria yote nimewabeba mimi?"

"Mishale ni ile ile, shangazi."

"Mishale nani anaangalia? Mtu akiona picha anajitafuta yuko wapi."

Nikailaza, iende kutoka kulia kwenda kushoto. Mjomba akaenda kushoto mwisho, nikaona hiyo nayo si nzuri. Nikaigeuza aje kulia. Ikapendeza kwenye kompyuta, ila kwenye simu maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Nikawatoa wapishi kabisa, nikawaza wapishi wenyewe ni shangazi zangu wengine na wamo kwenye kundi. Nikawarudisha. Akili mnemba haikuchoka. Kila nilipoiambia, ilijibu kwamba ni wazo zuri na imefanya. Wateja wawili walisimama mbele yangu wakingoja kopi na sikuwaona mpaka mama mwenye duka alipogonga meza.

Nilipofika nyumbani na matoleo yote manne yamechapwa, mama hakuyaangalia.

"Weka hapo," akasema. "Kesho tunakwenda Kwaluguru."

"Na mimi?"

"Nani kachora?"

Nilimwambia sijui nitasema nini mbele ya mjomba. Akasema hajaniambia niseme, ameniambia twende. Shangazi alibaki kuandaa nyumba na kumpokea baba, ambaye alikuwa safarini na lori la machungwa na angeingia Jumamosi jioni bila kujua lolote. Dada alikuwa anapiga deki veranda tulipokuwa tunatoka. Alimwambia mama, "Safari njema." Mimi hakuniambia kitu, lakini alikuwa ameniwekea maandazi kwenye mfuko wangu. Niliyakuta kwenye gari la Handeni.

Tuliposhuka tulichukua bodaboda, mama mbele na ya kwake, mimi nyuma na ya kwangu, vumbi lake lote likiniingia mimi. Mjomba tulimkuta uani amekaa kwenye gunia, akipukuchua mahindi kwa mkono. Kwa hiyo mahindi yalikuwa ya kweli. Hilo lilinishangaza, nilikuwa nimeamini ni kisingizio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini hawali?"

Akauliza habari za baba, za lori, za shule, za mvua ya Korogwe. Hakuuliza habari ya posa. Mama naye hakuigusa. Alivua viatu, akakaa upande wa pili wa gunia, akaanza kupukuchua. Nami nikakaa. Wao wawili walizungumza Kizigua kwa muda mrefu, mambo ya shamba na nani amefariki na nani amerudi kutoka Dar. Kizigua nakisikia, ila wakienda mbio kinanipita. Vidole gumba vilianza kuniuma. Tulikula ugali na mlenda, tukanawa, na ndipo mjomba alipofuta mikono kwenye suruali na kutoa simu yake mfukoni.

"Haya, mchoraji. Njoo unisomee."

Nikasogea. Alikuwa ameivuta picha kwa vidole mpaka kile kisanduku chake kikajaa kioo chote. Chenga za mahindi zilibaki juu ya kioo.

"Hiki nini?"

"Ni wewe, mjomba."

"Najua ni mimi, nimeandikwa. Nauliza mbona wenzangu mmewapa nyumba, mimi mmenipa kishada?"

Mama akacheka. Alijaribu kuzuia, ikatokea puani.

"Ni umbo la uamuzi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mtu mwenye kuamua anapewa hilo. Na kuwa chini si kudharauliwa. Mishale inashuka. Maneno ya watu wote yanashuka mpaka yanafika kwako. Yanaishia kwako."

Sijui kama nimewahi kusema sentensi nyingi hivyo mfululizo mbele yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hilo la chini limekwisha," akasema. "Hilo nililisema tu ili shangazi yako apate cha kuongea. Ninalokuuliza ni hili." Akaishusha picha kwa kidole mpaka kwenye mshale mmoja uliotoka kwenye kishada. "Barua imenifikia. Nimekaa nayo. Sasa mimi nikitaka kutoka hapa, njia ni ngapi?"

"Moja."

"Imeandikwaje?"

"Ndiyo."

"Na nikiwa sitaki?"

Nikautazama ule mshale.

"Mmeshanijibia," mjomba akasema. Hakuwa na hasira, na labda ndiyo maana ilinikaa vibaya. "Mnaniita nije kukaa kwenye mkeka, nivae kanzu, nikohoe, halafu niseme neno ambalo liko kwenye simu za watu tangu Jumatano. Huyo si mjomba. Hiyo ni kaseti."

"Ilikuwepo njia ya pili," nikasema. "Niliifuta."

"Nani alikwambia?"

Nilimwaza dada akipiga deki ile veranda, nikamwaza shangazi. "Mimi ndiye niliyefuta," nikasema. Na mikono ilikuwa yangu, kwa hiyo si uongo.

Akatazamana na mama. Nadhani walijua. Wanamjua shangazi miaka mingi kuliko mimi.

"Kwa nini uliifuta?"

"Waliona ni mkosi."

"Mkosi!" Akamgeukia mama. "Unamsikia? Hapana ni mkosi. Huyu hajui kwamba wewe uliwahi kuletewa barua kabla ya baba yake?"

"Mwache mtoto," mama akasema.

"Si amekuja kuuliza? Mama yako aliletewa barua na mtu wa huku huku. Mjomba wetu, Mungu amrehemu, alikaa na ile barua mkekani, watu wakamaliza kula, akasema hapana. Sababu hakutoa. Mama yako alininunia mimi mwaka mzima kana kwamba nimesema mimi."

"Ulikuwa unacheka," mama akasema.

"Nilikuwa kijana. Ulikuwa umefura kama chapati."

Mama alichukua gunzi akamrushia. Lilimpiga begani. Sijawahi kumwona mama akimrushia mtu kitu. Nilitaka kuuliza huyo mtu alikuwa nani na kama mama alimpenda, lakini si swali ambalo ningeweza kulitoa mdomoni, na nikimwangalia mama sikuona usoni kwake kitu cha kunisaidia. Alikuwa anatafuta kiatu chake kimoja.

Mjomba akaniambia, "Irudishe hiyo njia."

Nilimweleza kwamba zana iko kwenye kompyuta ya duka, Korogwe, na huku mtandao unakuja na kukatika. Ila ile mistari ninayo kwenye simu, nilijitumia Ijumaa nilipokuwa nikihangaika nayo. Akasema picha haihitaji, nimsomee hiyo mistari.

Nikaisoma. Kutoka kwa mshenga kwenda kwa shangazi. Kutoka kwa shangazi kwenda kwa baba. Kutoka kwa baba kwenda kwa mama. Mama kwenda kwa wapishi. Akanizuia hapo akauliza wapishi wamepewa barua ya nini, wataitia kwenye mchuzi? Nikasema akili mnemba ndiyo iliyowaweka. Akasema basi akili yenyewe ina njaa, niwatoe. Nikawafuta kwa kidole, nikasoma: kutoka kwa mama kwenda kwa mjomba. Kutoka kwa mjomba, ndiyo, kwenda kwa mshenga. Halafu nikaandika ule mstari uliofutwa, hapo hapo mbele yake, na kuusoma jinsi ninavyoandika. Kutoka kwa mjomba, hapana, kwenda kwa mshenga.

"Tuma," akasema.

"Kwenye kundi?"

"Si ndiko ulikoituma ile?"

Nikaituma kama maneno matupu yenye mishale. Mtandao ulizunguka, ukakaa, ukapeleka. Nilijua shangazi ataiona, na dada, na kwamba nikirudi nyumbani nitakuwa nimefanya kitu ambacho waliniambia nisifanye. Mjomba aliirudisha simu yake mfukoni, akarudi kwenye gunia lake.

Hakusema atakuja. Mama hakumuuliza. Tulipukuchua mpaka adhana ya magharibi, na baada ya hapo nilitandikiwa chumba cha watoto wa mjomba ambao wako bweni. Mama alikuja kuchukua khanga yake. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama mjomba atakwenda kesho.

"Hujasikia alivyosema?"

"Hajasema."

"Basi na mimi sijui," akasema, akazima taa.

Dada alikuwa ameandika mara moja tu: "Umefanya nini?" Nilianza kumjibu mara kadhaa nikafuta. Ningemweleza nini? Kwamba bila ile hapana mjomba haji, na kwa ile hapana anaweza kuja akaisema? Niliiacha simu chini ya mto.

Asubuhi niliamka nikamkuta mjomba amekwisha kuoga. Alikuwa amesimama uani na shuka kiunoni na kanzu nyeupe mkononi, imejikunja kama imetolewa chini ya sanduku.

"Unajua kupiga pasi ya mkaa?"

Nikasema najua, ingawa nyumbani tunatumia ya umeme. Niliwasha mkaa, nikaupepea kwa kifuniko cha ndoo, nikangoja uive, nikautia kwenye pasi na kuijaribu kwanza kwenye khanga yangu ili majivu yasichafue. Mama alikuwa amekaa ngazini anafunga vitu vyetu. Tulikuwa tuwahi gari la kwanza, maana washenga walikuwa wafike alasiri.

Simu ikatikisika mfukoni. Dada.

"Anakuja?"

Nikaandika, "Anakuja."

"Atasema nini?"

Mjomba alikuwa anajitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa mlangoni, akinyoa ndevu za kidevuni, hana haraka. Ningeweza kumuuliza. Alikuwa karibu na alikuwa mchangamfu.

"Sijui," nikamwandikia dada. Niliweka simu juu ya kigoda, nikaigeuza kanzu, nikaanza mkono wa pili.